Damu ya Kaka kwa Talaka Tatu

Kaka yangu alinipa damu yake, na mpaka leo sijamwambia ahsante. Watu wa kwetu Shella ya Malindi wakilisikia hilo hunitazama kama niliyetema mate msikitini. Waache wanitazame. Damu ile haikuwa sadaka. Ilikuja na sharti, na sharti lenyewe lilikuwa ndoa yangu.

Nianze na yeye, maana hata kwenye sinia la wali yeye ndiye huanza. Ni mkubwa wetu. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado nashika kanga za mama, na tangu siku ile kaka akawa ndiye baba. Anauza vitambaa mjini Malindi, na jioni husomesha chuo cha Kurani, watoto wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake. Hapandishi sauti. Akikasirika huishusha, ikabidi umsogelee ili usikie vizuri unavyotukanwa. Anajua hukumu ya kila kitu, kuanzia mirathi mpaka chafya. Utotoni nilimpenda na nilimwogopa, na sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Mume wangu ni Mgiriama, fundi wa makuti. Ukienda Bofa ukaona banda la hoteli limeezekwa likaezekeka, huenda ni kazi ya mkono wake. Alisilimu kabla hatujajuana vizuri, lakini nani angemwamini? Kwetu walisema kasilimu kwa ajili ya mwanamke. Alisali kuliko wajomba zangu wote, wakasema anajionyesha. Jina lake halikutajwa nyumbani; aliitwa yule mtu wa nyika. Kaka alikuwa walii wangu, na bila yeye hakuna wa kuniozesha, basi alinizungusha mpaka mama akachoka na vilio vyangu akamwambia anioze nyumba ipumue. Akaniozesha. Mimi nilikuwa ndani, nachungulia dirishani. Nilimwona akimshika mume wangu mkono, akayasema maneno ya ndoa kwa ufasaha, kisha akaenda kwenye bomba akanawa.

Tukaenda kuishi kwao mume wangu, nyuma ya mji wa Kilifi, ukishapita Kibarani ukaendelea mpaka lami ikuage. Nyuma ya nyumba kuna bwawa la kunyweshea ng'ombe, na bwawa lile lina mbu wanaojua kazi yao. Mimi ni mtoto wa mjini. Wenzangu pale walikuwa wamezoeana na homa tangu wachanga, mimi ilinikuta mtu mzima ikanifanya shamba lake. Naumwa, napimwa, nakunywa dawa, napona. Mvua ikirudi nayo inarudi. Chandarua tulikuwa nacho, lakini mbu wa saa za magharibi hangojei ulale.

Ikafika wakati ubavu wa kushoto ukawa mzito. Chini ya mbavu palikuwa na kitu kigumu, nikijilaza kinanisukuma, nikila kidogo nashiba. Majirani wakaanza kunipongeza. Mmoja aliniletea hata embe mbichi, akasema mimba ya kushoto ni ya mtoto wa kike. Haikuwa mimba. Ilikuwa bandama, ile nyama ndogo iliyojificha ubavuni ambayo mtu haijui mpaka ivimbe. Na pamoja na uzito ule yakaja madoa. Nikibeba ndoo, kesho yake kiganja kina weusi. Nikiegemea meza, paja linavilia damu. Mume wangu aliyaona kabla yangu. Alinitaka twende hospitali kubwa, mimi nikasema ni uchovu, tukabishana, tukanyamaziana, tukapatana. Ndoa ya kawaida kabisa.

Idi ile tulikwenda Malindi. Nilikuwa nakunja samosa na mama jikoni, mikono ya kanzu ikapanda, mama akanidaka kifundo.

"Nini hichi?"

"Sijui, mama."

Jibu baya kuliko hilo hakuna. Mwanamke mwenye alama mwilini akisema sijui, kila mtu anajua. Kaka alikuwa mlangoni. Hakuniuliza kitu. Alitoa simu, akanishika mkono kama anayeshika kitambaa kilichorudishwa dukani, akaupiga picha. Kabla sijamaliza kukunja samosa, picha ilikuwa kwenye kundi la familia, imetumwa kwa shangazi wa Mambrui na kwa binamu walioko Oman, na chini yake kaandika: Haya ndiyo tuliyoyasema. Mume wangu alikuwa barazani anakunywa kahawa na watu ambao tayari wameshaiona. Hakuna aliyemwambia neno. Walimsogezea tu kahawa kwa mkono wa kushoto.

Nilikasirika. Nilimwambia kaka mbele ya mama kwamba sijaguswa na mtu. Akashusha sauti. "Wote husema hivyo," akaniambia, akaenda kusali.

Haukupita muda mrefu bandama likapasuka.

Nataka nieleze nilivyokuwa, kwa sababu nimeulizwa jambo hili na kila mwenye mdomo kuanzia Kilifi mpaka Mambrui. Nilikuwa nimeketi. Asubuhi, jua limeshapanda, nachagua mchele kwenye ungo. Sikuanguka, sikubeba mzigo, sikugombana na mtu. Nilikohoa, tena kikohozi kidogo cha vumbi la mchele, na ndani ya ubavu kitu kikaachia. Maumivu yalikuja, kisha yakapanda mpaka bega la kushoto, yakakaa pale juu kama mtu aliyenikalia. Nikaumwaga mchele wote.

Mume wangu alikuwa uani anakata kamba za kuezekea. Alikuja mbio. Nikamwambia bega, bega, na masikini akachukua mafuta ya karafuu akaanza kunisugua bega. Alilisugua kwa dhati, na bega lenyewe halina kosa. Tumbo ndilo lililokuwa likijaa damu. Hata leo nikisikia harufu ya karafuu bega linauma. Halafu akaona midomo yangu imekuwa myeupe. Nakumbuka amenibeba, nakumbuka gari la jirani lenye magunia ya mkaa, nakumbuka nikimtukana dereva kwa sababu ya mashimo ya barabara. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama, kwa fahari. Hilo ndilo linalonichoma. Hakunificha hata neno moja, kwa sababu hakuona cha kuficha.

Daktari alipolikuta tumbo limejaa damu, neno lake la kwanza lilikuwa: "Nani amempiga?" Simlaumu sana. Bandama hupasuka kwa teke, kwa ngumi, kwa ajali. Ndiyo wanayoyaona kila siku. Mume wangu akasema hakuna aliyenipiga. Daktari akamwangalia viatu. Kisha akasema lazima nipasuliwe upesi, na lazima ipatikane damu, na kundi langu ni adimu. Ile chupa moja waliyokuwa nayo ilikuwa imeshaingia mwilini, na haikutosha. Walipiga simu kwingine, hakuna. Nyumbani kwetu kundi lile tunalo watu wawili, mimi na kaka. Mume wangu alilijua hilo, na yeye mwenyewe ndiye aliyempigia.

Kaka alikuja na mama, kwa gari lake. Malindi na Kilifi si mbali, lakini mama anasema mume wangu alikuwa amesimama getini kwenye jua tangu alipokata simu, na jasho limemlowesha shati. Wakaingia pamoja mpaka kwenye korido, karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Kaka akasimama. Muuguzi akamwambia apite kule akapimwe haraka. Kaka akamwambia, "Nipe dakika, mwanangu." Akamgeukia mume wangu.

"Umempiga dadangu."

"Wallahi sijampiga."

"Wataka damu yangu?"

"Nataka apone, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Mwache. Talaka tatu, papa hapa, mama asikie. Ukitamka, naingia. Hutamki, narudi Malindi."

Mume wangu akamwangalia mama. Mama anasema alimwangalia kwa muda, kama anayeomba. Na mama, mzazi wangu aliyenizaa, akatazama ukuta. Alinieleza hivyo mwenyewe: "Nikatazama ukuta, maana lilikuwa jambo la wanaume." Basi mume wangu akatamka. Aliitaja talaka yangu, ya kwanza na ya pili na ya tatu, kwa sauti ya kusikika, kama alivyofundishwa kwamba maneno ya dini yatamkwe wazi. Kaka akakunja mkono wa kanzu.

"Hata sindano hakuiangalia," mama akaniambia. "Alikuwa akisoma dua."

Nilipozinduka nilimkuta mama tu. Tumbo limefungwa, mdomo mkavu. Nikamuuliza mume wangu yuko wapi. Akanilowesha midomo kwa pamba, akasema kwa upole, upole ambao sijamsamehe mpaka leo: "Huna mume, mwanangu. Umeachwa. Umeshapumzika."

Nilitaka kupiga kelele lakini mshono haukukubali. Mtu akikatwa tumbo hata hasira inabidi aitoe kidogo kidogo. Nilimwambia hakunipiga. Akasema lala. Nilimwambia nilikuwa nachagua mchele. Akasema lala. Nilipomwambia mara nyingine alimwita muuguzi akamwambia naweweseka.

Daktari alipopita na wenzake, kaka alikuwepo, kasimama miguuni pa kitanda kama mwenye nyumba. Daktari akasema bandama wamelitoa. Lilikuwa kubwa kama papai changa, na la mtu mzima mwenye afya halizidi ngumi. Akasema hakuona ubavu uliovunjika wala alama ya pigo popote. Malaria ya kujirudia imelivimbisha kwa muda mrefu mpaka ngozi yake ikawa nyembamba, likapasuka lenyewe. "Hata kikohozi kinatosha," akasema. Nikamwonyesha mikono yangu. Akasema bandama likishakuwa kubwa hivyo hula chembe zinazogandisha damu, na mgonjwa huvilia damu bila kuguswa na mtu. Kisha akamgeukia kaka, nadhani na yeye alikuwa anajutia swali lake la mwanzo, akasema, "Huyu bwana hakumpiga."

Nilimtazama kaka usoni. Nilikuwa nimengoja kuuona uso ule ukianguka. Haukuanguka. Alikunja midomo, akafikiri kidogo, akasema kwa ile sauti ya chini:

"Nani aliyempeleka kwenye mbu?"

Na hapo nikaelewa kwamba shida haikuwa ngumi tangu mwanzo. Mtu akishakuchagulia kosa, ukilikanusha hili atakupa jingine linalokutosha vilevile. Nikageuza uso ukutani, na ukuta ule ulikuwa na madoa ya rangi ya kijani, nikayatazama mpaka wakaondoka.

Wakanirudisha Shella nikae eda kwa mama. Chumba changu cha usichana, kitanda kilekile, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wanawake walikuja kuniangalia na halua na maneno. Pole, umetoka salama. Pole, wanaume wa kule ndivyo walivyo. Niliwaambia ilikuwa malaria. Wakaitikia kwa kichwa, wakamwangalia mama, mama akawakonyeza. Mmoja, rafiki yangu wa tangu chuoni kwa kaka, aliniinamia sikioni: "Sema ukweli, hapa tuko sisi tu." Nilimwambia ukweli ni kwamba halua yake imechacha. Hakurudi tena.

Mume wangu alikuja mara moja. Kaka alikuwa dukani. Alileta nguo zangu, kazikunja moja moja kama vile hajawahi kunikunjia nilipokuwa mkewe, na ule ungo. Sijui kwa nini alileta ungo. Akausimamisha mlangoni, akabaki barazani. Nilitoka nimejishika tumbo. Na mwanamume huyu niliyelala naye, niliyemkanda miguu, akainamisha macho chini asinitazame.

"Nitazame," nikamwambia.

"Siwezi. Nishakuacha."

"Uliambiwa uniache."

"Nilitamka, bibie. Tatu. Hayo si maneno ya kuchezea."

Hapo nilimchukia na yeye. Kaka, aliyezaliwa ndani ya dini, aliishika dini ile kama bakora. Na huyu aliyeingia ukubwani, akaitii bakora. Nilimwambia kama ameona raha kuniacha aseme. Akasema kila siku asubuhi huweka maji ya watu wawili kwenye birika, kisha humwaga nusu. Akasema hayo akitazama vidole vyake, akaaga, akaenda zake. Nikautupa ungo uani, kuku wakatawanyika.

Basi nikaenda kwa kadhi. Mwanamke wa eda hatoki ovyo, mama akasimama mlangoni kunikumbusha, nikamwambia anayekwenda kumwona kadhi hatoki ovyo, apishe. Kadhi alikuwa na mafua, anapangusa pua kwa leso na kuangalia saa. Sikumpenda. Lakini alinisikiliza, na nilipofika kwenye korido ya hospitali akaacha kuangalia saa. Akasema talaka ya mtu aliyelazimishwa haipiti. Akasema nisifurahi kwanza, awaite wanaume wote wawili, na mama yangu aliyesikia.

Tulikaa chumba kimoja, watu wanne na kadhi, mume wangu upande wa mlango, kaka upande wa dirisha katika kanzu iliyopigwa pasi. Mama alieleza aliyoyasikia. Hapo kwa kadhi hakuyaeleza kwa fahari. Kadhi akamuuliza mume wangu kama alitamka kwa hiari yake. Akasema alitamka ili nipate damu. Kadhi akapangusa pua.

"Sikiliza vizuri. Mtu akikutisha kwa maneno matupu, ukaacha mke, umeacha. Kulazimishwa ni mpaka kitisho kiwe cha kweli. Wewe uliamini kwamba huyu bwana angeondoka, nduguye afe?"

Ningelikuwa mimi ningesema ndiyo, tena ningeapa. Nilimkazia macho mume wangu aseme ndiyo. Neno moja tu. Mtu huyu haongopi, na sijui nani alimwambia kwamba hiyo ni sifa.

"Sikujua, sheikh," akasema. "Sikutaka kujaribu."

Niliona kadhi anavyoligeuza lile jibu, halikumtosha kulia wala kushoto. Kisha akamgeukia kaka.

"Basi wewe ndiye ujuaye. Kama ulikuwa ukimtisha tu, na damu ungelitoa kwa vyovyote, sema. Talaka imepita, na dadako ni haramu kwa huyu bwana. Kama kweli ungelimwacha afe, sema. Talaka haikupita, na wewe na Mola wako. Ungelimwacha?"

Kaka hakuhitaji kuelezwa. Hukumu ile anaisomesha. Alijua kuliko sisi wote kila jibu linakwenda wapi. Aseme alikuwa akitisha tu, anatoka pale ni kaka mwema aliyemwokoa dada yake mara mbili, kwa damu na kwa talaka, na mimi nabaki Shella. Aseme angeniacha nife, mimi narudi Kilifi, na yeye anatoka pale ni mtu aliyekuwa tayari kumuua dada yake kwa sababu ya chuki. Mji mdogo ule. Hata alasiri haitaadhiniwa kabla neno hilo halijafika dukani.

Alinitazama. Miezi yote ile alikuwa akitazama mshono wangu, mikono yangu, mlango nisitoke. Siku hiyo alinitazama mimi. Nilimtazama na chuki yangu yote, sikumpunguzia. Sikumwomba. Ningekufa kabla sijamwomba.

"Ningelimwacha," akasema.

Hakushusha sauti. Alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo sikumbuki kama nilishawahi kuisikia.

Mama alitoa kilio, akajifunika uso kwa buibui. Kadhi akamuuliza tena, akajibu vilevile. Kadhi akasema talaka haikupita, sisi ni mke na mume kama tulivyokuwa, twende zetu tumche Mungu. Kaka akanyanyuka, akainyoosha kanzu, akatoka bila kuaga mtu. Alikwenda kwa miguu, na gari lake aliliacha pale nje mpaka binamu mmoja akaenda kulichukua.

Nilirudi Kilifi na ungo wangu. Bwawa la ng'ombe bado lipo, ila mume wangu ameziba madirisha kwa wavu na magharibi hunifungia ndani kama kuku. Homa kidogo tu natakiwa nikimbie hospitali, kwa sababu asiye na bandama hana mlinzi huyo mmoja. Naishi kwa dawa na kwa kugombezwa.

Kaka naye habari zake zinanifikia. Wazazi wengine wamewatoa watoto wao chuoni. Wateja wa vitambaa wamepungua, na wanaoingia huingia kumtazama. Hajamweleza mtu chochote. Mama anashikilia kwamba kaka alisema uwongo siku ile kwa ajili yangu, na analia akisema hivyo. Shangazi wa Mambrui anasema ulikuwa ukweli, na kwamba yeye tangu zamani aliyaona macho yale. Kwenye kundi la familia nimetolewa, sijui na nani. Mimi sijamuuliza kaka. Nikimuuliza itabidi niamini jibu, na sina nia ya kumwamini.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki hapa Kilifi kwa ajili ya chanjo. Muuguzi, binti mchangamfu, akaniambia kwa kundi langu la damu ni vizuri wajue mtu wa kumwita nikipatwa na jambo. Akauliza, yupo? Nikasema yuko kaka yangu, Malindi.

"Na akiitwa atakuja?"

Mume wangu alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, kanishikia mkoba.

"Atakuja," akasema.

Nikageuka na hasira zangu. "Kwa kadhi ulisema hujui."

"Siku ya hospitali ndiyo sikujua," akasema. "Siku ya kadhi, alipokubali kuitwa muuaji ili urudi kwangu, nikajua."

Muuguzi alikuwa akingoja na kalamu. Nilitoa simu, nikaitafuta namba ya kaka nilikoizuia isinipigie, nikamsomea muuguzi polepole asije akakosea.